Tulichukua poni wa kuokolewa juu ya watoto: huduma naipa nyota nne, nyasi utajijua

Kwanza ujue hawa watu hawauzi poni. Ukienda na pesa mfukoni ukidhani utachagua ule mzuri wa picha umalize mambo siku hiyo hiyo, utarudi nyumbani na fomu tu na mavi ya farasi kwa viatu. Ni kituo kidogo cha kuokoa farasi, poni na punda, huku nje ya jiji ukipita Karen, wanachukua wale wametupwa ama wamepigwa ama mwenyewe ameshindwa kuwalisha, wanatibu, alafu mnyama akipata nguvu wanamtafutia familia. Jina nitaliacha, juu kuna mahali nitawalalamikia na sitaki kuanika watu wanafanya kazi ngumu na pesa kidogo.

Sisi tunakaa Hardy, ploti ya familia, karibu ekari moja ya nyasi pale shosho alikua anafugia ng'ombe wa maziwa kabla magoti yamkatae. Msichana wangu mkubwa ndiye alileta hii maneno ya farasi, alianzia siku tulienda Ngong Racecourse akaona wale wa mbio, na kitinda mimba naye akaingilia juu hapitwi na kitu. Baba yao akasema farasi ni wa matajiri na mapolisi. Shosho aliuliza swali moja tu, "Na huyo atakamuliwa saa ngapi?" na mpaka leo hakuna mtu amempatia jibu la kumridhisha.

Sasa wale wa mbio ni wakubwa, wana damu moto, mtoto wa gredi ya sita huwezi mpandisha hapo ulale usingizi. Poni ndio saizi ya watoto, yaani farasi ambaye akikomaa hapiti futi nne na inchi kumi hivi kupima begani, na kununua poni mtulivu aliyefundishwa vizuri hapa Nairobi ni pesa ya kukaa chini kwanza ndio uitaje. Hapo ndio mama mmoja wa shule yetu akaniambia kuhusu kituo.

Maswali tuliulizwa pale, hata benki haijawahi niuliza nikitafuta mkopo. Nyasi mtatoa wapi kiangazi kikikazana? Nani yuko nyumbani mchana? Daktari wenu wa mifugo ni nani na anajua farasi ama anajua ng'ombe pekee? Watoto wakichoka naye? Na wakapima watoto kilo, wote wawili, msichana wangu akanuna juu hapendi kupimwa mbele ya watu. Lakini walieleza vizuri, kwamba mtoto pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa mnyama, kwa hivyo poni wa kilo 220 mwisho wake ni kilo 44 na hapo ushahesabu tandiko na viatu. Wakatuambia wazi huyu mkubwa atampita poni kabla amalize shule ya junia, kwa hivyo tusikuje kulia baadaye. Nilipenda hiyo. Muuzaji wa kawaida angeniambia mama usijali chukua tu.

Alafu wakakuja nyumbani kukagua. Hapa ndio watu wengi hukasirika waache, na naelewa, juu walipata makosa kwa kila kona. Seng'enge yote ikasemekana itoke, farasi akishtuka anakimbia kwanza na kufikiria anafikiria mbele, na mguu wake hauna nyama ya kumlinda, ni ngozi na mishipa na mfupa. Tukaweka mbao. Ile oleanda ya maua ya pinki kwa geti, ng'oa, ni sumu kali. Na mti wa avokado wa shosho, tukaambiwa majani na matunda yake yanadhuru farasi, kwa hivyo ukatwe ama uzungushiwe fensi. Waah. Shosho alisema kama ni hivyo basi huyo farasi ndiye azungushiwe fensi, yeye amemkuta avokado hapa. Tukazungushia mti. Hiyo mbao na misumari na fundi ilikua pesa nyingi kuliko ada ya kituo yenyewe, ambayo kusema ukweli ni kidogo, chini ya bei ya simu ya kawaida.

Kabla utengewe poni, watoto wanafaa kuenda pale Jumamosi kadhaa kufanya kazi. Sio kupanda, kazi. Kuzoa mavi, kubeba maji, kusugua manyoya, kusafisha kwato. Hii ndio sehemu bora ya huduma yote na sijaona mahali pengine wanafanya hivi, na sababu yake ni mtu mmoja, saisi wa hapo, yaani mtunza farasi, mzee fulani ambaye amekua na farasi tangu ujana na haongei mingi. Ofisi inaweza kukuudhi, lakini huyu mzee ukimpata umepata. Kitinda mimba alikua anaogopa, anasimama mbali na mikono kwa mfuko. Mzee hakumwambia usiogope, alimpatia tu ndoo na kumwambia ashike hapo chini ndio maji yasimwagike, na poni akakunywa kutoka kwa hiyo ndoo, masikio yanacheza kila akimeza, na yule mtoto akaona masikio akaanza kucheka na ndoo ikamwagika yote. Basi ikaisha hivyo. Wiki iliyofuata ndiye alikua wa kwanza kwa gari.

Poni wetu anaitwa Githeri. Hatukumpatia sisi hilo jina, alikuja nalo, juu ana madoa ya kahawia na nyeupe yamechanganyika kama mahindi na maharagwe ya githeri sufuria ikipakuliwa. Wanakisia ni wa miaka kumi na mbili ama kumi na minne kwa kuangalia meno, na akizidi umri fulani meno hayasemi ukweli sana. Alikua anafanya kazi ya kubebesha watoto kwa sherehe na mahali pa burudani, siku nzima, tandiko halitolewi. Msichana wangu aliona mgongoni pande zote mbili za uti kuna mabaka madogo meupe juu ya ile kahawia, akasema ona vile amerembwa. Mzee akachukua kidole chake akakipitisha hapo akamwambia, hapa palikua kidonda, tandiko lilikula nyama, na nywele zikirudi juu ya kovu zinarudi nyeupe. Mtoto alinyamaza kwa gari mpaka tukafika mol ya Galleria. Alafu akauliza kama yeye akimpanda pia atamtoboa. Swali zuri sana hilo na ningependa watu wazima pia wawe wanajiuliza.

Kuhusu mkataba: soma. Mnyama anabaki mali ya kituo maisha yake yote, wewe unalea. Huwezi kumuuza, kumzalisha, kumpatia binamu yako wa Nakuru, wala kumkodisha. Mkishindwa, anarudi kwao bila maneno. Mimi mwanzoni sikuona umuhimu wa hicho kipengele cha kukodisha mpaka majirani wakaanza. Jamani. Wiki ya kwanza Githeri hajazoea hata choo chake, mtu ashapiga simu anataka poni kwa bethdei ya mtoto wake Jumapili, masaa matatu, atalipa vizuri, na ataleta mapambo ya kichwa ile pembe ya yunikoni. Mwingine ni wa kanisa. Mwingine alisema nisiringe. Poni anaishi miaka 25 mpaka 30 akitunzwa, kuna pesa ya kweli hapo kama huna roho, na ndio maana hao wanyama hufika kituoni wakiwa mifupa. Sasa nikiulizwa naonyesha tu mkataba, unanisaidia kukataa bila kukosana na mtu.

Hawakubali pia poni akae peke yake. Farasi ni mnyama wa kundi, akiachwa pekee anazunguka fensi siku nzima, anakonda, anatafuna mbao. Kwa hivyo Githeri alikuja na punda mzee wa kike, bure, tulimchukua kama kiambatanisho na saa hii ndiye kipenzi cha shosho juu punda anamjua, punda ni kitu ya maana, punda hubeba maji. Tahadhari moja tulipewa: punda anaweza kua na minyoo ya mapafu bila kuonyesha chochote na akamwambukiza farasi, kwa hivyo dawa ya minyoo wanapewa wote pamoja.

Sasa malalamiko. Usafiri walituhangaisha. Kuhamisha mnyama Kenya unahitaji kibali kutoka ofisi ya mifugo, sheria ya magonjwa ya wanyama sura ya 364 inataka hivyo, na ofisi ya kituo ilijua hiyo kitu vizuri sana lakini walitukumbusha jana yake jioni kwa meseji, tiki zimekua bluu nikijibu na hakuna mtu anarudisha neno. Baba yao akakimbia huku na kule na boda kutafuta muhuri. Lori lililosemekana litafika asubuhi lilifika giza linaingia. Na hio saa ndio mbaya zaidi ya kumshusha farasi mahali mapya, haoni vizuri anakanyaga wapi, watoto wamechoka wanalia, mbwa wa jirani wote wamejua kuna mgeni. Na tena jioni ndio usubi wanatoka.

Hapo kwa usubi wacha nikae kidogo, juu hii ndio kitu kila mtu wa Nairobi anafaa kujua kabla aguze farasi. Kuna ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, virusi, unaenezwa na wale wadudu wadogo wa usubi wanaouma usiku, hauenezwi kwa kugusana. Farasi ambaye hana kinga akiupata mara nyingi anakufa na anakufa haraka, anashindwa kupumua, povu linatoka puani. Punda kwa kawaida wanapona, na punda milia hata hawaonyeshi, wanabeba tu virusi. Na sisi tunakaa wapi? Mbuga ya Nairobi iko hapo tu, na punda milia wamejaa. Kwa hivyo chanjo ni kila mwaka bila kukosa, na kabla jua lizame Githeri anaingia bandani mpaka asubuhi jua likae vizuri. Kituo walituletea na chanjo tayari, cheti kimeandikwa tarehe, pamoja na ya pepopunda ambayo farasi huathirika nayo vibaya hata kwa kidonda kidogo cha msumari. Hiyo karatasi peke yake ina thamani kuliko ada yote. Kupe pia, unakagua kila siku, chini ya mkia, ndani ya masikio, katikati ya miguu, juu kuna homa ya kupe inawaangusha.

Chakula ndio kitakumaliza mfuko. Poni wa uzito wa huyu anataka kama kilo tano za nyasi kavu kwa siku, kwa hivyo beli ya boma rodes ya kilo 15 ni siku tatu, na hapo punda hajahesabiwa. Mvua ikinyesha vizuri bei inavumilika, kiangazi kikija inapanda vile wanataka, kila mtu anakumbuka ule ukame wa 2022 nyasi ilikua dhahabu. Tumegeuza stoo ya shosho kua ghala, tunanunua mingi msimu wa mavuno. Nyasi ya kijani ya kikuyu iliyonona pia sio ya kumwachia siku nzima, poni anahifadhi mafuta haraka, anapata ugonjwa wa kwato kuwaka moto ndani na hawezi kutembea. Na tafadhali, usimpe chakula cha ng'ombe ama cha kuku eti kimebaki. Vyakula vingine vya mifugo vinawekwa dawa inaitwa monensini, ng'ombe haimdhuru na kuku haimsumbui, lakini farasi kidogo tu inaharibu moyo wake na anaanguka. Mzee alimwambia shosho hii mara mingi kuliko sisi, nadhani alimsoma mapema.

Fundi wa kwato anakuja kila baada ya wiki sita mpaka nane. Nilikua nadhani ni kazi ya kutisha lakini ni kama kukatwa kucha, mnyama anasimama tu anasinzia. Msichana wangu sasa anainua mguu mwenyewe: anasimama ubavuni ameangalia mkia, anateremsha mkono kutoka bega mpaka kwa kifundo, anafinya kidogo, Githeri anauachilia mguu wote kwa mkono wake. Anachokora udongo kutoka kisigino kwenda mbele, anaepuka ile nyama laini ya pembetatu katikati, na ananusa. Ndio, ananusa. Kukiwa na uozo kuna harufu mbaya nyeusi hivi hata kabla uone kitu. Huyu ni mtoto ambaye hawezi kuosha kikombe chake cha chai.

Kupanda kulikuja baadaye na hapo pia nina neno. Tandiko walilotupatia pamoja naye lilikua la mnyama mwembamba, Githeri aliponenepa likaanza kubana mabegani, na ukikumbuka ile hadithi ya mabaka meupe utaelewa kwa nini niliwaka. Ofisi ilichukua muda kujibu. Nilipoacha ofisi nikampigia mzee, tandiko lingine lililetwa na pikipiki wikendi hiyo hiyo, limefungwa kwa gunia. Helmeti mnunue wenyewe na mnunue mpya, usikubali ya mtumba ya soko la Toi, huwezi jua iliangukia wapi.

Ila siku niliamini hii huduma kabisa ni usiku mmoja Githeri aliacha kula. Amesimama anaangalia tumbo lake, anachimba chini na mguu, analala, anainuka, analala tena anabingirika. Farasi hawezi kutapika, kitu ikikwama tumboni imekwama, na inaweza kumuua. Simu ya ofisi ikalia mpaka ikakata. Mzee alishika mara ya kwanza, sauti ya mtu ametoka usingizini, akauliza amekunya saa ngapi mwisho, fizi zake ziko rangi gani, weka sikio hapa ubavuni unisikizie tumbo linanguruma ama limenyamaza. Akasema toa chakula chote, mtembeze polepole, na mtu yeyote asimmiminie mafuta wala soda mdomoni hata kama ni dawa ya ng'ombe ya miaka yote, inaweza kuingia kwa mapafu. Shosho alikua ashashika chupa ya mafuta ya salada mkononi. Mzee mwenyewe akampigia daktari, akakuja, akampiga sindano na kupitisha bomba puani, na karibu alfajiri Githeri akakunya na familia yote ikapiga makofi, baba yao wa farasi wa matajiri akiwa na tochi mbele kabisa.

Kwa hivyo ofisi nyota mbili, nikiwa na huruma. Wanyama na karatasi zao za chanjo, tano. Mzee sijui nitampa nini. Wanapita kukagua bila kukuambia siku, wengine hawapendi, mimi sina shida, nawapikia chai.

Kama una ploti ndogo ya Umoja ama unakodi, usijisumbue, watakukatalia na watakua sawa, afadhali uwe unapeleka watoto Jumamosi kusaidia kazi, wanakaribisha na hawalipishi. Kama una nafasi na una mtu nyumbani mchana, enda, lakini uwe na pesa ya nyasi ya miezi miwili pembeni kabla useme ndio. Andikisha kibali cha usafiri mwenyewe mapema, usingoje meseji yao. Dai lori lifike kabla ya saa sita mchana na ukatae likichelewa. Vaa gambuti. Na ukifika usianzie ofisini, zunguka nyuma kwa mabanda, uliza saisi mzee, mpatie namba yako na uchukue yake.